Nyumba ya Matofali Mabichi

Jumamosi, tarehe 7 Septemba

Leo salongo, kazi ya pamoja ya watu wa avenue. Sikwenda. Mgongo. Mgongo wangu unauma kila Jumamosi asubuhi na kupona saa sita. Hata daktari ameshindwa kuelewa, mimi naelewa.

Lakini kelele zikanitoa nje. Mwisho wa avenue yetu, kwenye kiwanja kilichokuwa jalala, msichana mmoja amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Suruali, kofia ngumu ya njano kichwani, anahutubia watu wazima! Nikauliza huyu nani. Wakasema ni Chancelle, mtoto wa hapa hapa Tshopo, mjukuu wa yule mama aliyekuwa akiuza mikate karibu na barrage ya umeme. Amesoma Kinshasa, sasa ni architecte, anachora nyumba. Huyo? Nilimjua akila mchanga. Leo amerudi kutufundisha mchanga.

Habari yenyewe ni hii. Watajenga nyumba ya udongo, na matofali hayachomwi. Hata kidogo! Udongo unatiwa ndani ya mashine ya chuma, watu wawili wananing'inia kwenye mkono wake, tofali linatoka, linakauka kivulini, basi. Ati kuchoma matofali kunamaliza msitu. Ati nyumba zetu za bloku zinatupika sisi wenyewe. Tutajenga pamoja, kwa miguu na mikono yetu. Nyumba ikiisha, avenue itachagua familia moja yenye shida iingie humo bure. Na watakaochagua ni wale tu waliokanyaga udongo.

Bure! Mgongo ukapona pale pale, saa tatu.

Mke wangu Aïcha alikuwa mbele kabisa, mwekundu mpaka magotini. Njiani akaniambia kwa sauti ndogo, ile mbaya: amechoka kulala na beseni. Mvua ikiingia tena kitandani mwake, atafunga sufuria moja. Ikiingia tena, nyingine. Sufuria zikiisha anakwenda Bengamisa kwa binti yetu Françoise, na mimi nitabaki na kuta zangu tuzungumze.

Najua anaposema kweli. Ni kwa sauti hiyo.

Bon. Lazima nipate nyumba ile. Bila kukanyaga.

Jumapili, tarehe 8 Septemba

Nimefikiri tangu chai ya asubuhi. Nyumba inapewa mwenye shida. Donc shida lazima ionekane. Nyumba yetu ni ya miti na udongo, baba yangu aliisimamisha. Imechoka, lakini inaficha uchovu wake kama mzee anayetaka kuoa tena. Heshima hiyo inaniharibia.

Nikachukua mtaimbo. Kuna ufa kwenye ukuta wa chumba, upande wa barabara. Nikaupanua kidogo. Nikarudi nyuma kuutazama. Nikaupanua tena. Sasa mkono unaingia mpaka kiwiko. Kazi nzuri! Halafu nikapanda juu nikasogeza bati la kona, ili mgeni akilala chali aone mbingu.

Papa Hugues akapita akitoka misa. Huyu ni jirani yangu. Alikuwa karani wa Serikali, sasa amestaafu, lakini tai yake haijastaafu. Anaivaa hata akienda kununua makemba, ndizi za kupika. Anakaa ndani ya nyumba ya bloku yenye madirisha madogo kama macho ya mtu mwenye homa. Ndani mle unga unaiva wenyewe.

Akautazama mtaimbo. Akauliza kama natengeneza au nabomoa. Nikasema natafuta panya. Akasema, "Papa Nassoro, panya yako iko mukubwa sana." Akaenda zake akicheka kwa Kifaransa.

Nimemshuku. Mtu anayecheka hivyo, naye anaitaka nyumba.

Jumanne, tarehe 10 Septemba

Mvua. Yote! Mvua yote ya Kisangani ilipitia kona ile ile. Kitanda, mto, shati langu la Idi. Bati halitaki kurudi mahali pake, misumari imekataa.

Aïcha alikaa juu ya kiti, miguu juu, akanitazama kama anavyotazama samaki wa juzi sokoni. Kulipokucha alichukua sufuria kubwa, ile ya sherehe, akaifunga kwa kitenge, akaiweka karibu na mlango.

Nimejigonga nayo mara mbili.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba

Chancelle anapita nyumba kwa nyumba akiomba udongo. Ule wa kiwanjani ni mchanga mtupu, haushikani. Anapima hivi: anatia maji kidogo, anauviringisha udongo kama sigara ndefu, anausukuma taratibu nje ya ukingo wa ubao, anaangalia unakatika wapi. Ukikatika haraka, mchanga umezidi. Ukichelewa sana kukatika, ni mfinyanzi mno, tofali litapasuka. Sasa avenue nzima inaviringisha sigara! Hata imamu wetu nimemwona nazo mbili.

Udongo anaoutaka hasa ni wa kichuguu. Na nani ana kichuguu kikubwa kuliko vyote? Mimi! Kiko nyuma ya nyumba, kinanizidi urefu hata nikivaa kofia. Baba aliniachia. Kila mwaka mvua zikikaza, kumbikumbi wanaruka kutoka mle, tunawakaanga na chumvi. Siku hiyo hata watu wasionisalimu wananiita tonton, mjomba.

Nikamwambia Chancelle tubadilishane: kichuguu changu, nyumba yake. Akacheka, akaniita papa kwa adabu yote, akasema nyumba si yake. Ni ya avenue. Nikitoa udongo, avenue itaona. Nikasema avenue haioni vizuri, mimi nataka ahadi. Akasema ahadi hana, ana koleo, na kama nataka anaweza kuniazima.

Mtoto huyu! Nimekizungushia kichuguu kamba.

Jioni wakaniletea habari. Hugues ametoa chake. Bure! Kichuguu chenyewe kidogo kama mgongo wa kobe, lakini amekitoa kwa hotuba. Lundo jekundu liko mbele ya nyumba yake, litapimwa vizuri Jumatatu. Aïcha akasema Papa Hugues ni mtu wa maendeleo. Mke wangu mwenyewe! Na chakula kilichelewa, alikuwa kiwanjani.

Jumapili, tarehe 15 Septemba

Mpango umekubali!

Hugues yuko kwenye kwaya, misa yake haina mwisho. Nilikwenda mtoni nikamchukua kijana wa toleka, baiskeli yake ikabeba magunia mawili ya mchanga. Tulipofika nikamwaga yote ndani ya lundo la Hugues. Nikalikoroga kwa koleo, chini juu, chini juu, kama mtu anayetwanga ndizi, lituma ya harusi. Jasho! Sasa mgongo unauma kweli. Sijafanya kazi namna hii tangu nilipokuwa namchumbia Aïcha.

Kesho sigara yake itakatika haraka, mbele ya watu wote. Watakuja kupiga magoti kwenye kamba yangu. Nitachelewa kidogo kutoka nje.

Aïcha aliuliza mchanga masikioni umetoka wapi. Nikasema nilisujudu sana. Akasema basi leo malaika wamehamia mtoni.

Jumatatu, tarehe 16 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Chancelle akaviringisha. Akasukuma. Sigara ikatoka, ikainama, ikakatika pale pale panapotakiwa. Akapima tena. Vile vile. Akaruka kama mtoto! Akasema lundo hili lilikuwa linamtia wasiwasi, Alhamisi aliligusa akaona mfinyanzi mtupu, matofali yote yangepasuka kivulini. Sasa limesawazishwa kama kwa mizani. Akamuuliza Hugues ni nani alimfundisha kutia mchanga kiasi hiki.

Mnafiki yule hata hakupepesa. Alilitazama lundo. Akanitazama mimi, na masikio yangu. Akanyoosha tai yake akasema, "C'est l'expérience." Ati uzoefu!

Wakapiga makofi. Makofi yangu! Mchanga wangu! Mgongo wangu! Na siwezi kusema.

Mvua tena. Sufuria ya sombe, ile ya majani ya muhogo, imefungwa.

Jumamosi, tarehe 28 Septemba

Kiwanjani kumejaa matofali, yamepangwa chini ya majani ya migomba kama wagonjwa. Yanamwagiwa maji taratibu kila siku. Kina mama wanakanyaga udongo wakiimba nyimbo ambazo ndani yake naona kuna jina langu. Hugues ananing'inia kwenye mashine na tai begani.

Nikaamua kuua jambo lote mara moja. Nikasimama nikasema tofali bichi ni uji uliochelewa kuiva. Nikaleta ndoo mbili za maji. Ndoo hii, tofali lao. Ndoo ile, tofali langu lililochomwa kwa moto wa kweli, nililong'oa asubuhi hiyo kutoka ukuta wa jiko letu la nje. Nikasema jioni tutaona nani mwanaume. Nikakaa katikati ya ndoo siku nzima nikilinda, mtu asibadilishe. Jua lilinichoma. Chancelle aliniletea kofia yake ya njano, akasema ni kwa ajili ya usalama wa papa. Kina mama wakacheka. Niliivaa. Ina kivuli kizuri.

Jioni wakayatoa. Lao: tofali. Limenona kidogo kwa maji, basi. Chancelle akaeleza kwamba wanatia sementi kiasi cha chumvi tu kwenye chungu. Langu: lilivunjika mkononi mwangu. Nje jekundu, ndani bichi kabisa. Mchomaji aliyemuuzia baba yangu alikuwa mwizi.

Hugues alilikalia lile lao, akala lituma yake juu yake, mbele yangu, taratibu.

Jingine: Chancelle amewaita kina mama akawauliza jiko likae upande gani. Anasema nyumba ikijengwa bila kumuuliza anayepika, inajengwa mara mbili. Aïcha akachukua kijiti akachora chini: jiko hapa, dirisha hapa, pana, lielekee barabara, ili anayepika aone wanaopita. Alichora muda mrefu. Akafuta, akachora tena. Kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine! Nilimwambia anapoteza nguvu. Akapanua dirisha zaidi.

Alhamisi, tarehe 31 Oktoba

Kuta zimepanda. Mabati yako juu, dari ya mianzi chini yake, na katikati upepo unapita kama mwenye nyumba. Paa limetoka nje mbali, linafunika ukuta mvua isiufikie. Maji ya paa yanaingia ndani ya pipa. Hawakukata hata mti mmoja mkubwa. Hata mparachichi wa kiwanjani wameuacha, nyumba imegeuzwa kidogo kuupisha. Nyumba inapisha mti! Zamani miti ilituogopa.

Niliingia kukagua makosa. Saa saba mchana, jua la kuua, na mle ndani baridi ya mtungi. Nikaegemeza mgongo ukutani. Mgongo ukashukuru. Nikakaa. Nikafumba macho ili nikague vizuri.

Nilipoamka kina mama walikuwa wanapaka kuta. Walikuwa wamenizunguka. Kuna umbo langu ukutani, halijapakwa. Shati limepakwa.

Naitaka nyumba hii. Hapo mwanzo niliitaka kwa sababu ya sufuria. Sasa naitaka kabisa.

Nyumbani sufuria zilizo huru ni chache. Mvua za mwezi huu hazina haya.

Ijumaa, tarehe 8 Novemba

Kesho ndiyo siku ya kuchagua. Sufuria iliyobaki ni ndogo ya chai. Aïcha ameongea na dereva wa gari la Bengamisa, linaondoka Jumapili. Amefua vitenge vyake vyote. Mimi hakunifulia kitu.

Hugues atasimama kesho aseme, nimemsikia akijaribu sauti kwenye choo chake.

Lakini Mungu hajalala! Nimekwenda kutazama kichuguu. Matundu yamefunguka. Askari wa kumbikumbi wako mlangoni, wekundu, wakali. Hewa nzito. Wataruka kesho au keshokutwa. Na wakisitasita, kila mtu hapa anajua dawa: unanyunyiza maji, unapigapiga chini kwa vijiti, wanadhani ni mvua, wanatoka.

Sasa nani, katika mji huu, atabaki kusikiliza Kifaransa cha Hugues wakati kumbikumbi wanaruka? Hakuna! Wataacha mkutano, watakimbilia kwangu, nitawagawia kwa mikono yangu miwili, na mkono unaokula hausahau aliyeulisha. Watanichagua wakiwa na mabawa kwenye meno.

Na kwa kuwa wanaochagua ni wenye udongo miguuni, nitatia udongo miguuni. Kuna shida gani?

Jumamosi, tarehe 9 Novemba

Naandika kila kitu.

Asubuhi niliingia kwenye mtaro wa soko mpaka magotini, nikauacha udongo ukauke. Mkutano ukaanza mbele ya nyumba mpya. Chancelle akawaomba wote waliokanyaga wasimame upande mmoja. Wakasimama. Nikasimama nao, kidevu juu.

Aïcha akatazama miguu yangu. Wa pembeni akatazama. Wote wakatazama. Miguu yao yote myekundu, ya kichuguu. Yangu miwili, myeusi. Na inanuka. Hugues akauliza kwa sauti ya kwaya, "Papa Nassoro, wewe ulikanyagia wapi? Ndani ya choo ya soko?"

Hata imamu alicheka. Wakanirudisha upande wa watazamaji na wenye kuuza karanga.

Bon. Nikaenda nyuma ya nyumba yangu. Nilikuwa nimejenga kibanda cha majani ya migomba juu ya kichuguu, na beseni la maji chini wanakoangukia. Nikanyunyiza. Nikachukua vijiti. Tiki-tiki-tiki-tiki. Kule Hugues amefika kwenye "mesdames et messieurs". Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: Kumbikumbi! Kumbikumbi!

Walikuja! Mkutano wote! Masahani, vikapu, kofia, wengine wameinua vitenge kuwa mifuko. Hugues alikuwa wa tatu, tai imerukia mgongoni. Wakajipanga kuzunguka kichuguu. Kimya.

Tiki-tiki-tiki.

Hakuna kitu. Askari mmoja alitoka, akanitazama, akarudi ndani. Nikapiga zaidi. Mtu akauliza kama hii nayo ni dua. Nikapiga mpaka kijiti kikavunjika.

Ndipo Aïcha akalia kutoka ndani ya nyumba. Alikuwa ameingia kuchukua sufuria ya chai. Alisema wanatoka huku! Huku ndani!

Kweli. Walikuwa wanatoka nyumbani mwangu. Kwenye sakafu, kwenye kona, na zaidi ya yote kwenye ufa wangu, ule wa mtaimbo, wanamiminika kama moshi mweupe. Miaka yote hii kumbe kichuguu ni baraza yao tu. Chumba chao cha kulala ni nguzo za baba yangu! Wamekula mti wote wakaacha ngozi.

Watu wakaingia. Avenue nzima ndani ya vyumba viwili! Wanachota kwa mabakuli, wanacheka, wanakanyagana. Nikaona utajiri wangu unakwisha bila shukrani. Nikapiga kelele kwamba ni wangu, wa baba yangu. Nikauziba ufa kwa mgongo wangu, nikasukuma kwa nguvu.

Kitu kikalia ndani ya ukuta. Krrr. Chancelle alikuwa mlangoni. Alisikia kabla yetu. Hakuita papa wala mama. Alipiga kelele moja tu, nje, na alikuwa anatushika mmoja mmoja akitutupa nje kama matofali. Mimi alinivuta kwa shati. Hugues alitoka wa mwisho, amembeba bibi wa jirani na sahani yake.

Halafu ukuta ukaketi. Taratibu, kama mtu aliyeshiba. Paa likautazama, nalo likaketi juu yake. Vumbi. Na kumbikumbi juu, maelfu, wanapanda kwenda mbinguni bila kukaangwa.

Hakuna aliyeumia. Alhamdulillahi, naandika tena, hakuna aliyeumia. Nilikaa chini.

Aïcha alikuwa amesimama na sufuria ya chai mkononi. Anatazama mahali palipokuwa kitanda. Hakulia. Nilitaka alie, ningejua la kufanya.

Wa kwanza kusema alikuwa Hugues. Kumbikumbi wamejaa kwenye kofia yake. Hakutia Kifaransa hata neno. Alisema, "Mama huyu alikanyaga udongo kila siku ya salongo, tangu ile ya kwanza. Dirisha ile ni yeye alichora. Na sasa hana hata ukuta. Mimi niko na nyumba, hata kama iko moto." Akaenda akasimama nyuma ya Aïcha. Miguu myekundu yote ikamfuata, mmoja mmoja.

Nikainua mkono na mimi. Wakaniambia nishushe, mguu mweusi hauchagui.

Jumapili, tarehe 10 Novemba

Nimetafakari. Tuseme ukweli: mpango umefaulu. Nilitaka nyumba ile, na nyumba ile imekuja kwetu. Njia ilipinda kidogo. Nani alipiga vijiti? Nani alipanua ufa? Ningetoa udongo kama Hugues, leo tungekuwa wapi? Nimeeleza hivyo kwa watu kadhaa. Wanaondoka kabla sijamaliza.

Gari la Bengamisa limeondoka bila Aïcha. Tumevuta sufuria zote kutoka chini ya bati. Zile alizozifunga kwa kitenge hazina hata kovu. Amezipanga chini ya dirisha lake.

Nami nikafika na mto wangu. Akasimama mlangoni. Nyumba ina jina lake, alisema, si langu. Akatazama miguu. Akasema itaingia ikiwa myekundu. Avenue inaanza nyumba ya pili, udongo unahitajika, na kichuguu kiko. Mpaka hapo nitalala kwenye jiko letu la nje, lile la zamani. Ndilo pekee lililobaki limesimama.

Nikasema nina mgongo. Akasema anaujua mgongo huo tangu ujana wake, una saa yake.

Jumamosi, tarehe 23 Novemba

Nimekata kamba mwenyewe. Nimekanyaga. Kichuguu cha baba yangu, ndani ya shimo, chini ya miguu yangu, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, katikati ya kina mama. Ule wimbo kweli una jina langu. Una beti nyingi. Hugues alikanyaga karibu yangu, suruali imekunjwa, tai imevaliwa. Aliniambia polepole kwamba mchanga ule wa mtoni ulikuwa mzuri, kama ninajua ulikotoka tuongeze gunia. Nikasema sijui anaongea nini. Tukakanyaga.

Jioni Aïcha alitazama miguu yangu kwa muda. Akasogea pembeni ya mlango.

Ilinyesha. Ile kubwa, ya upepo. Tulilala chali tukaisikiliza juu ya mabati, na dari ya mianzi ikaipunguza sauti ikawa kama watu wanaoongea nyumba ya jirani. Hakuna tone. Aïcha alinyoosha mkono akagusa shuka, huku na huku, katika giza. Kavu. Akagusa tena.

Akalala kabla yangu. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumamosi, tarehe 7 Desemba

Maisha mazuri! Asubuhi Aïcha anapika dirishani, anasalimu avenue nzima kama gavana. Watu wanatoka hata Bafwasende kuitazama nyumba. Nawaonyesha umbo langu ukutani. Nawaeleza kwamba architecte wangu alinisikiliza sana.

Leo mkutano. Chancelle ametangaza nyumba ya pili itaisha kabla ya Pasaka, itapewa vile vile: avenue itachagua mwenye shida. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nafikiri.

Tuhesabu vizuri. Nyumba hii ni ya nani? Ya Aïcha, ina jina lake, amesema mwenyewe mbele ya mlango. Donc mimi, Nassoro, mzee wa avenue, sina nyumba. Nalala kwa mwanamke! Kuna shida kubwa kuliko hiyo? Na safari hii nina miguu myekundu, halali, ya kweli.

Kinachoniharibia ni kitu kimoja. Lile jiko la zamani. Bado limesimama, na ni langu. Watasema Papa Nassoro ana paa. Nimekwenda kulitazama. Kuna tundu pale nilipong'oa tofali. Juu ya tundu kuna ufa. Mdogo, lakini una nia njema.

Nikaleta mtaimbo.

Hugues akapita na makemba yake. Akasimama. Akauliza kama ni yule panya tena. Nikasema ni mdogo wake. Akasema angekuwa mimi angetazama nyuma.

Nikatazama. Dirishani Aïcha ameacha kukoroga sufuria. Amenitazama mimi, ametazama mtaimbo. Akatoweka ndani. Nikasikia kitenge kikikunjuliwa, kikafungwa fundo.

Sasa kimewekwa nje ya mlango. Nilidhani ni sufuria. Nimekibonyeza. Ni mto wangu.

Vizuri sana! Mtu asiye na mahali pa kuweka mto, huyo ndiye mwenye shida hasa.